Samaki Asiyeoza Njiani

Sogeeni karibu, watoto wa Punia. Mnawajua wale wanaosukuma baiskeli zenye mizigo kutoka Kindu, siku baada ya siku katika tope. Tuseme mmoja wao amefunga samaki mbichi wa Lualaba, bila chumvi, bila kumkausha kwa moshi. Anafika hapa, mama anafungua mzigo, na samaki bado macho maangavu, mashavu mekundu. Amesalimikaje?

Juu ya vichwa vyetu wapo samaki wa namna hiyo. Jina lao myuoni. Ni chembe ndogo kuliko atomu, ndugu wa elektroni, ila wazito kuliko elektroni mara 207. Chembe nyingine, ziitwazo protoni, kutoka mbali angani huigonga hewa yetu, na kwenye urefu wa kilomita kama 15 myuoni huzaliwa. Maisha yao ni mafupi mno. Igawe sekunde moja mafungu milioni: myuoni kwa wastani huishi mafungu 2.2 tu, kisha huvunjika. Muda huo hata mwanga, unaokwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, hufika mita 660 tu. Na hakuna myuoni anayeupita mwanga. Ilipasa wafe huko huko juu.

Lakini wanafika. Kunjua kiganja chako: kila sekunde moja hivi anapita mmoja, nawe huhisi kitu.

Jibu alilitoa Albert Einstein mwaka 1905. Wakati si mmoja kwa wote. Kitu kinachokwenda kasi sana, saa yake, tukiipima sisi tuliosimama, huenda polepole. Si kwamba saa imeharibika. Wakati wenyewe ndio unaorefuka, na kila kinachotokea ndani ya msafiri huyo huchelewa pamoja nao, hata kufa kwake.

Watu hawakulikubali hilo kwa maneno matupu. David Frisch na James Smith, Wamarekani, walipanda Mlima Washington, wakachagua myuoni wanaokwenda kwa asilimia 99.5 ya kasi ya mwanga. Kileleni walihesabu karibu 563 kwa saa. Wakateremka mita 1,900 hadi usawa wa bahari. Kama saa ingekuwa moja kwa wote, wangebaki takriban 27. Walihesabu karibu 408! Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 1963. Kwa saa zetu safari ile ilichukua mafungu 6.4; kwa saa ya myuoni, 0.7 tu.

Sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mwulize myuoni mwenyewe, atakataa kwamba ameishi zaidi. Atasema, “Mimi nimeishi muda wangu ule ule. Mlima wenu ndio mfupi, mita mia mbili na kitu.” Naye anasema kweli. Kwake yeye njia ndiyo imefupika, kwetu sisi maisha yake ndiyo yamerefuka, na hesabu zote mbili zinatoa idadi ile ile ya watakaofika.

Myuoni hupenya hata mawe. Mwaka 2017 watafiti walitangaza kwamba, kwa kuwahesabu, wamegundua uwazi mkubwa uliofichika ndani ya piramidi ya Khufu, Misri. Myuoni wa namna hiyo hiyo wanapita, usiku na mchana, katika miamba ya kasiteriti wanamochimba baba zenu hapa Punia.