Baba, Mtoto na Senema

Ninyi mlio darasani na karatasi hii, fuateni polepole kwa kidole. Leo tutazungumza juu ya kutazama senema pamoja na watoto tunaowalea.

Huenda wewe unalea mtoto wa ndugu yako, au mtoto aliyekuja na mama yake. Unamlisha, unamnunulia daftari, lakini jioni hamna la kusema. "Shikamoo, baba." "Marahaba." Kisha kimya. Nalijua jambo hili. Baba yangu alipofariki nililelewa na baba mdogo, hapa hapa Mpanda. Hakuwa mtu wa maneno, nami nilimwogopa.

Siku moja alinichukua kwenda banda la video. Mnayakumbuka mabanda yale: mabenchi, televisheni moja, jenereta likinguruma nje. Mkanda ulikuwa Commando, picha ya Kimarekani ya mwaka 1985. Stelingi ni Arnold Schwarzenegger, naye ni askari aliyestaafu. Maadui wanamteka binti yake, Jenny, ili baba akubali kwenda kumuua rais wa nchi nyingine. Baba anaruka kutoka katika ndege inayoondoka, anarudi kumtafuta mwanawe.

Kiingereza hatukukijua, na mkanda wetu haukuwa na sauti ya mfasiri kama Lufufu. Basi baba mdogo akaninong'oneza, "Huyu ni adui au rafiki?" Njia nzima ya kurudi tulibishana. Yeye alisema haiwezekani risasi zote zimkose mtu mwenye kifua kipana vile! Tulicheka. Hatukuwahi kucheka pamoja kabla ya siku hiyo.

Kwa nini ikawa rahisi? Kwenye benchi wote mnatazama mbele. Hakuna anayemhoji mwenzake. Tena katika kubishana juu ya picha, mtoto aweza kumshinda mzee bila kumvunjia heshima.

Jumamosi iliyofuata palikuwa na ubao mlangoni wenye majina ya picha. Akaniambia, "Nisomee, mwanangu, macho yangu yana vumbi." Macho yake hayakuwa na vumbi. Nilimsomea, wala sikumwambia mtu. Baada ya majuma machache alianza kuniuliza herufi moja moja.

Picha hizi zina damu nyingi. Mtoto mdogo mtafutie nyingine. Na ukitazama naye kwenye simu, usimwachie simu ukaondoka. Kaa naye mpaka mwisho.

Kazi ya juma hili: mwulize mtoto wako stelingi anayempenda, uandike jina hilo kwa mkono wako mwenyewe. Kwaherini.