Samaki Azaliwaye Gandani mwa Konokono

Je, wajua, ewe msomaji, kwamba katika Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake chapata mita 1,470 na ambalo pwani zake zimegawanywa baina ya Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, yupo samaki wa jamaa ya perege, aghalabu asiyezidi sentimita 5, ambaye ngome yake na chumba chake cha uzazi ni ganda tupu la konokono? Wataalamu humwita Neolamprologus multifasciatus, nao humhesabu miongoni mwa sikilidi, yaani jamaa hiyo ya perege, walio wadogo kuliko wote duniani.

Udogo huo haumzuii kuwa mchimbaji hodari, kwani huchota mchanga kwa kinywa na kuutema kando, hata maganda yaliyofukiwa yakafunuka. Na hapo dume, majike kadhaa na watoto wa mizao mbalimbali hukaa ujirani, kila jike na ganda lake.

Mwenye kutaka kumfuga nyumbani hahitaji tangi kubwa, maana lita 60 zatosha aila moja. Walakini sharti mchanga uwe laini, wa kina cha sentimita 5 au zaidi, maganda yazidi idadi ya samaki, na maji yawe magumu, yenye madini ya chokaa, ya joto la nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Fauka ya hayo, tangi na kichujio chake vifanye kazi majuma kadhaa kabla ya samaki kutiwa, huku chembe za chakula zikitupwa humo, ili bakteria wageuzao amonia kuwa naitreti wapate kuenea; kwa kuwa amonia itokayo katika taka za samaki ni sumu, nayo huangamiza tangi jipya kwa siku chache.

Jike akiwa tayari huingia ndani kabisa ya ganda akataga, dume akayarutubisha mayai, na zipitapo siku zipatazo 10 huonekana mlangoni vifaranga wembamba mfano wa kope, wakinyakua vidudu vya majini vipitavyo. Hakuna haja ya kuwatenga, kwani wakubwa huwastahamilia.

Basi, ukishawapa mchanga, maganda na maji yawafaayo, badili sehemu ya maji kila juma, na usiyapange upya maganda kwa ajili ya kupendeza macho yako, kwani kila ganda lina mwenyewe, na mipaka ikivurugwa hupigana.