Shule Zilipofungwa, Nani Alibaki na Watoto?

Machi 17, 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 kutangazwa nchini Tanzania, Serikali ilifunga shule kuanzia chekechea hadi kidato cha sita. Kidato cha sita walirudi Juni 1, wengine Juni 29. Kwa zaidi ya miezi mitatu watoto wa wilaya za Biharamulo na Ngara walishinda nyumbani. Lakini Tanzania haikuwafungia raia wake ndani kama zilivyofanya Uingereza na Ufaransa. Wazazi waliendelea kwenda shambani, gulioni na machimboni, kwa kuwa mvua za masika hazimsubiri mtu. Kule Ulaya watoto wengi walifungiwa pamoja na wazazi wao. Huku, kutwa nzima, wengi walikosa mwalimu na mzazi kwa pamoja. Madaraka ya nyumba yakaangukia kwa kaka au dada mkubwa, ambaye naye ni mtoto. Ndiyo maana naamini kwamba ukatili baina ya ndugu, yaani mkubwa kumwonea mdogo wake, wakati wa mlipuko wa ugonjwa hautokani na ubaya wa watoto. Unatokana na madaraka tunayowakabidhi bila kuwasimamia, na unadumu kwa sababu hatuuhesabu.

Si kila ugomvi ni ukatili. Watoto wawili wanaolingana wakigombania mpira na kupatana kabla ya jua kuzama, hakuna la kuogopa. Ukatili una dalili zake: anayeumia ni yuleyule kila siku, mwenye nguvu ni yuleyule, na mdogo anaishi kwa hofu. Humo mna kuchapwa fimbo, kunyimwa chakula, kutishwa asiseme, na hata kushikwashikwa mwili. Utafiti wa familia uliofanyika Marekani mwaka 1975 ulionyesha kuwa hakuna ukatili wa nyumbani ulioenea kuliko huu wa ndugu kwa ndugu. Mwaka 2014, watafiti waliowafuatilia watoto wapatao 7,000 nchini Uingereza walibaini kwamba walioonewa na ndugu zao mara kadhaa kwa wiki wakiwa na miaka 12 walikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kupata sonona walipofika 18. Maumivu ya utotoni hayaishi alama ya fimbo inapofutika.

Kwa nini basi hatuyasikii haya? Utafiti wa kitaifa wa Tanzania kuhusu ukatili dhidi ya watoto, wa mwaka 2009, ulitushtua ulipoonyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana walipata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Hata hivyo, hesabu hiyo ilihusu vipigo vya watu wazima na vya wapenzi. Kipigo cha kaka wa miaka 14 kwa mdogo wake wa miaka sita hakimo. Mwalimu, ambaye huona jicho lililovimba asubuhi darasani, ndiye aliyekuwa shahidi wa mwisho, na shule ilipofungwa shahidi huyo akaondoka.

Wapo watakaonikumbusha kuwa ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Methali hiyo ina busara kwa watu wazima wenye nguvu sawa, ila mtoto wa miaka sita hana wa kupatana naye kwa usawa. Wengine watauliza mzazi maskini afanye nini, wakati mkubwa kulea mdogo ni desturi yetu njema. Ni njema kweli, na isiachwe. Kinachotakiwa ni kumpa mkubwa kazi ya kulisha na kulinda, na kumwondolea ruhusa ya kuadhibu. Mzazi amwambie waziwazi mbele ya wadogo zake kwamba hana fimbo, kisha jioni amuulize kila mtoto peke yake siku ilikwendaje. Jirani anayebaki nyumbani aombwe kupita mchana. Wala haifai kumgeuza mkubwa mhalifu: mara nyingi anarudia adhabu alizopewa yeye, na anahitaji msaada kama mdogo wake.

Biharamulo imeshajionea kwamba kuzifikia kaya kunawezekana. Virusi vya Marburg vilipothibitishwa wilayani humo Januari 2025, watu 281 waliokutana na wagonjwa walitambuliwa na kufuatiliwa, na mlipuko ukatangazwa kuisha Machi 13. Mhudumu wa afya anayefika mlangoni kuuliza kuhusu homa anaweza pia kuuliza watoto wanabaki na nani, na kama yupo anayeogopa kubaki. Anaweza kuwaachia namba 116, simu ya bure kwa ajili ya watoto, na kuwaelekeza kwa ofisa ustawi wa jamii. Maswali hayo yaingizwe sasa katika mipango ya dharura ya wilaya, kwa kuwa anayepanga kufunga shule ana wajibu pia wa kupanga nani atawaangalia watoto.