Titani Inayotobolewa Ili Mfupa Usikose Kazi

Katika miaka ya 1860 huko Zurich, mhandisi Karl Culmann aliutazama mfupa wa paja uliopasuliwa kwa urefu na mtaalamu wa anatomia, Hermann von Meyer. Ndani ya kichwa cha mfupa huo vijiti vyembamba vilikuwa vimejipanga kwa mikunjo iliyofanana na michoro ya Culmann mwenyewe ya jinsi mzigo unavyopita ndani ya winchi. Mwaka 1892 daktari mpasuaji wa Kijerumani, Julius Wolff, akachapisha kanuni inayobeba jina lake hadi leo: mfupa hujijenga kadiri unavyobebeshwa, na ukipumzishwa hupungua.

Kanuni hiyo ndiyo inayowasumbua watengenezaji wa nyonga bandia. Ukakamavu, yaani jinsi kitu kinavyokataa kupinda, hupimwa kwa gigapaskali. Ganda gumu la mfupa lina kama 10 hadi 30. Titani inayotumika hospitalini ina takriban 110, na mchanganyiko wa kobalti na kromi hupita 200. Ukichomeka shina la metali ya namna hiyo ndani ya paja, sehemu kubwa ya mzigo hupitia kwenye metali, na mfupa wa pembeni hubaki bila kazi. Miaka inapita, mfupa unakonda, shina linalegea. Mgonjwa aliyetembea vizuri anarudi kupasuliwa tena, safari hii akiwa na mfupa kidogo wa kushikilia kipandikizi kipya. Hilo linaniuma, kwa sababu kipandikizi chenyewe hakikuvunjika. Kilichomdhuru mgonjwa ni ule ukakamavu uliozidi.

Dawa ni kuitoboa metali: kuijenga kama kimiani chenye vijiti na nafasi wazi. Watafiti Lorna Gibson na Michael Ashby walionyesha kwamba, kwa muundo ambao vijiti vyake hupinda vinapobanwa, ukakamavu hushuka kwa kipeo cha pili cha ujazo wa metali iliyobaki. Acha asilimia 40 tu ya titani, na 110 hushuka hadi karibu 18. Hapo tumefika kwenye mfupa. Nguvu nayo hushuka, ila si haraka hivyo: hubaki kama robo, wakati ukakamavu umebaki chini ya moja ya sita. Vijiti vikipangwa kwa pembetatu ili vivutwe na kusukumwa badala ya kupinda, kimiani huwa kikakamavu zaidi kwa uzito uleule. Mbunifu basi huchagua umbo, si metali peke yake.

Nafasi zile zina kazi nyingine. Matundu ya mikromita 300 hadi 600 hivi huruhusu mishipa ya damu na seli za mfupa kuingia, hata mfupa ukaota ndani ya metali na kuishika. Umbo la namna hiyo ni vigumu kulikereza kwa mashine ya kawaida. Huchapishwa tabaka kwa tabaka, miali ya elektroni au leza ikiyeyusha poda ya titani. Mwaka 2007 daktari Guido Grappiolo wa Italia aliweka kikombe cha nyonga, yaani sehemu ya kipandikizi inayopokea kichwa cha paja, kilichochapishwa hivyo.

Lakini kikombe au shina halibanwi mara moja tu. Kwa kila hatua nyonga hubeba takriban mara mbili na nusu ya uzito wa mwili, na mguu mmoja hupiga kama hatua milioni moja kwa mwaka. Ukikunja na kukunjua waya, hukatika ingawa hakuna mkunjo mmoja ulioweza kuukata. Ndivyo vijiti vya kimiani vinavyochoka. Punje za poda zilizogandia juu ya vijiti huacha mikwaruzo na mashimo madogo ambamo ufa huanzia, na huwezi kupeleka kifaa cha kung'arisha ndani ya matundu membamba hivyo. Tindikali husaidia kuondoa punje. Joto na shinikizo kubwa hufunga mapovu yaliyomo ndani ya kijiti, ila juu yake hubaki mikwaruzo vilevile.

Hata mwelekeo wa kuchapisha una uzito wake: kijiti kilicholala hutoka kimevimba upande wa chini, tofauti na kilichosimama, na kipimo kilichochorwa kwenye kompyuta hakitoki kamili. Kwa hiyo daktari anayeletewa kipandikizi chenye matundu asiridhike na takwimu ya mzigo uliokiponda maabara. Aulize kilibebeshwa kiasi gani kwa mizunguko milioni 10, na kama kipande kilichojaribiwa kilichapishwa kikiwa kimeelekea upande uleule na hicho atakachokiweka mwilini.