BARUA-PEPE ZINAPOFIKA ZIMEVURUGIKA: KATIBU AFANYEJE?



Katika ukaguzi wa chama kimoja cha msingi, nilikuta magunia ya pamba yamerundikwa nje ya ghala, na wenyewe wamekesha wakiyalinda. Lori lilikuwa limeahirishwa hadi siku ya pili, na taarifa ilikuwa imeletwa kwa barua-pepe. Katibu alipoifungua aliona herufi na tarakimu zisizo na maana, akadhani ni takataka, akaifuta. Hakuwa mzembe, hakuna aliyepata kumweleza.

Yafaa basi tufahamu chanzo. Barua-pepe hapo awali ilibuniwa kuchukua alama 128 tu, zilizotosha maandishi ya Kiingereza. Mwaka 1992 ulitangazwa utaratibu uitwao MIME, ambao huwezesha herufi za lugha nyingine, picha na majedwali kusafirishwa baada ya kugeuzwa kuwa alama za kawaida. Kompyuta ya mpelekaji hufunga mzigo; ya mpokeaji huufungua kwa kufuata maelezo yaliyomo katika kichwa cha barua. Maelezo hayo yakipotea au yakikosewa, tunauona mzigo ukiwa bado umefungwa, au umefunguliwa kwa ufunguo usio wake. Mara nyingi maneno yenyewe hayakupotea.

Dalili ni tatu.

(1) Mistari mirefu ya herufi isiyo na nafasi, ambayo pengine huishia kwa alama ya =. Huu ni mtindo wa Base64, ambao kila baiti 3 huandikwa kwa alama 4. Neno “Bei” huonekana “QmVp”.

(2) Maneno yanasomeka, lakini yameingiliwa na =20 au =3D. Ya kwanza ni nafasi tupu; ya pili ni alama ya = yenyewe. Hapa pana hatari kubwa kwa hesabu zetu. Bei iliyoandikwa 1,200/= huweza kufika 1,200/=3D, na “kilo 450” ikafika “kilo 450=20”. Asithubutu mtu kuingiza 20 hiyo katika daftari.

(3) Neno “ng’ombe” linakuwa “ngâ€™ombe”. Barua imeandikwa kwa mtindo wa UTF-8, nayo kompyuta imeisoma kwa mtindo mwingine. Kiswahili hupatwa na kasoro hii hasa penye ng’, kwa sababu ya alama ile ya juu iliyopindika.

Katibu apokeapo barua ya namna hiyo, afuate hatua hizi:

Kwanza, asiifute, wala asinakili maneno yake na kuyatuma kwingine. Nakala huweza kuacha nyuma kichwa cha barua, na bila kichwa hicho kufungua ni kazi ngumu.

Pili, aifungue kwa programu nyingine au kompyuta nyingine. Ikisomeka huko, kasoro imo katika programu ya kwanza.

Tatu, kwa dalili ya tatu, atafute katika programu yake mahali pa kuchagua aina ya maandishi, achague UTF-8.

Nne, ikishindikana, amwombe mpelekaji alete tena, na taarifa iwe katika kiambatisho cha PDF. Zipo tovuti zinazofungua maandishi ya Base64, lakini orodha ya wanachama na akiba zao isipelekwe huko. Hiyo ni siri ya chama.

Tano, bei, uzito, tarehe na namba ya akaunti vithibitishwe kwa simu, kwa namba iliyomo tayari katika jalada la chama, wala si ile iliyomo ndani ya barua yenyewe. Malipo yasifanyike kwa barua iliyovurugika. Baada ya kuthibitisha, aandike jalada: nani alipigiwa, saa ngapi, akasema nini.

Nao wapelekao taarifa kutoka ofisi kuu wana wajibu wao. Programu zao ziwekwe UTF-8, na kichwa cha habari kieleze jambo lenyewe: “Tarehe ya lori”, si “Taarifa” tu. Tarehe na bei zirudiwe kwa ujumbe mfupi wa simu.

Mkulima aliyekesha na gunia lake hakujua habari ya Base64, wala hakupaswa kuijua. Kazi hiyo ni yetu.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika