Vyombo vya Habari na Malezi ya Watoto katika Karagwe na Kyerwa

Wilaya za Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, ziko katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, ambako Mto Kagera hupakana na Rwanda na Uganda. Lugha ya wenyeji ni Kinyambo, ambayo wenyewe huiita Runyambo. Malcolm Guthrie aliipa alama ya E21, jirani na Kihaya kilicho E22. Wala haiko mbali na Kinyankole cha ng'ambo. Mpaka wa dola huzuia mambo mengi, lakini hauzuii mawimbi ya redio. Mtoto wa Murongo aweza kupata matangazo ya Kiswahili ya Tanzania, na ya Kinyankole kutoka Mbarara, bila kuondoka barazani kwao. Kwa hiyo nchi hii yafaa sana kuchunguzwa na kila atakaye kujua jinsi vyombo vya habari vinavyoingia katika malezi.

Aghalabu swali linaloulizwa ni hili: watoto husikia na kuona nini? Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Hapana budi kuuliza pia: mtoto anapewa nafasi gani ya kujibu?

Umuhimu wa swali la pili huonekana katika umbo la hadithi za kale. Mswahili husema "Paukwa", naye msikilizaji huitika "Pakawa". Bila kuitikiwa, hadithi haianzi. Wahaya, ndugu wa karibu wa Wanyambo, wana desturi ya namna hiyo hiyo. Peter Seitel, aliyekusanya hadithi zao, alikipa kitabu chake cha mwaka 1980 jina litokanalo na kiitikio cha wasikilizaji, ambalo maana yake ni: ona, nasi tupate kuona. Tazama jinsi kazi inavyogawanywa hapo. Msimulizi ndiye aonaye, lakini ni msikilizaji ampaye ruhusa ya kuona kwa niaba ya wote. Mtoto aliyelelewa kwa hadithi hizo alijifunza ya kuwa neno la mkubwa lina pande mbili, na ya kuwa aweza kuuliza kwa nini fisi aliadhibiwa na sungura akasalimika.

Redio ilipoanza Dar es Salaam mwaka 1951 haikuivunja desturi hiyo mara moja. Katika Radio Tanzania, Debora Mwenda aliendesha kwa miaka mingi kipindi cha watoto kiitwacho "Mama na Mwana", naye alisimulia kama bibi asimuliavyo. Tena, redio ilikuwa chombo cha nyumba nzima: mtoto akisikia jambo asilolielewa, mkubwa alikuwa karibu. Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, na Tanzania Bara mwaka 1994. Mwishowe imekuja simu ya mkononi, nayo ni chombo cha jicho moja na sikio moja. Hapo msikilizaji wa pili ameondoka.

Hasara yake ni nini? Mwaka 1965 Albert Bandura aliwaonyesha watoto wa Marekani filamu ya mtu mzima akimpiga mwanasesere. Wengine walimwona akituzwa, wengine akiadhibiwa, na wengine hawakuona lolote kati ya hayo. Walioona adhabu waliiga kidogo. Lakini walipoahidiwa zawadi ili waonyeshe waliyoyaona, tofauti ikatoweka: wote walikuwa wamejifunza. Basi mzazi asidhani ya kuwa mtoto asiyetenda hakujifunza. Fundisho limewekwa akiba.

La kuzingatiwa zaidi ni uchunguzi wa Amy Nathanson wa mwaka 1999, uliofanywa huko huko Marekani. Wazazi waliozungumza na watoto na kuyakosoa waliyoyatazama, na wale waliowawekea mipaka, watoto wao walielekea kuwa na ukali mdogo. Bali wale waliotazama pamoja nao kimya, watoto wao walielekea kuwa na ukali zaidi. Uhusiano huo hauthibitishi sababu. Hata hivyo waonya ya kuwa mtoto aweza kuuchukua ukimya wa mzazi kama kibali.

Kwa watu wa Karagwe na Kyerwa liko jambo jingine, nalo ni la lugha. Kanuni za utangazaji za Tanzania huvitaka vituo kutumia Kiswahili au Kiingereza. Josephat Rugemalira ametoa msamiati wa Kinyambo mwaka 2002 na sarufi yake mwaka 2005. Lugha imo vitabuni, lakini haimo hewani. Mtoto asikiapo Kinyankole kikitangaza bidhaa na muziki, na Kiswahili kikitangaza habari za taifa, ilhali lugha ya bibi yake haisikiki popote, hujifunza bila kuambiwa ya kuwa maneno ya bibi si ya mambo makubwa. Kosa si la Kiswahili, kwani kimewaunganisha Watanzania. Lakini lugha inapodharauliwa, mawaidha yaliyomo nayo hudharauliwa.

Mzazi afanye nini? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka ampe mtoto mwongozo, nao hautimizwi kwa kuzima chombo peke yake. Kwanza, na achague. Vipindi vizuri vipo: "Ubongo Kids", kilichotengenezwa Tanzania na kuanza kuonyeshwa mwaka 2014, hufundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Pili, na aweke saa na mahali, simu isilale na mtoto. Tatu, na lililo kubwa, na avunje ukimya. Maswali machache yatosha: Nani amekosa? Wewe ungefanyaje? Nani amelipia tangazo hili, naye anataka nini kwetu?

Mzazi aliyeshinda shambani, katika kahawa au migomba, huenda hakukiona kipindi. Hilo si kizuizi. Na amwambie mtoto asimulie alichokiona, tena asimulie kwa Kinyambo, mbele ya bibi na babu. Akitafuta maneno ya kulieleza jambo geni kwa lugha ya nyumbani, hulazimika kulipima. Naye bibi asiyejua kuifungua simu hurudishiwa kazi yake ya kuuliza. Hivyo yule aliyekuwa mtazamaji huwa msimulizi, na wazee huwa waitikiaji.