Gari Lako Pia Linahitaji PIN

Fikiria Probox yako iko nje ya geti, Section 58, saa nane usiku. Alamu inalia. Majirani wanageuka kitandani: "Aah, ni paka." Wakati unatafuta viatu, gari limeshashika njia ya Molo.

Alamu hupiga kelele tu. Kinachozuia gari lisiende ni swichi ya siri. Fundi wa waya huiweka kwenye umeme wa stata au wa pampu ya mafuta. Ukikata stata, injini haizunguki, ila gari la gia za mkono bado linaweza kusukumwa likawaka. Ukikata pampu, injini huwaka kidogo, humaliza mafuta yaliyobaki kwenye paipu, kisha huzima. Mwizi hudhani gari ni bovu.

Mwambie fundi aweke fyuzi, waya zisije zikachoma gari. Swichi isikae mahali goti litaigusa ukiwa unateremka Salgaa na lori liko nyuma yako. Lijaribu gari kwanza, halafu ndio ulipe.

Iweke siri kama PIN yako. Hata kijana wa kuosha gari mpe ufunguo tu.

Na gari likiibwa licha ya hayo? Nenda polisi, chukua nambari ya OB. Ukipigiwa simu, "Nimeona gari lako, tuma ya mafuta nikuletee," tunakuomba usitume hata shilingi. Huenda alichoona ni nambari yako ya simu uliyoposti, si gari.